Amina ya Ejore

Katika kanisa la mabati lililo njiani kuelekea mto Turkwel, pale Lodwar, kila mtu wa Kikosi cha Nyundo, kikundi cha maombi, alikuwa na mwamba wake. Mwamba huo si jiwe. Ni mtu, yule ambaye ukimtazama tu unajua huyu mbinguni atapita kwa nje kama mtu anayepita hoteli mfuko ukiwa mtupu. Unachagua mmoja, unampiga kwa maombi kila Alhamisi mpaka apasuke, halafu unamleta mbele ya kanisa watu wamwone. Sheria zilikuwa mbili. Mwamba haambiwi kwamba anapigwa, na mwamba wa mwenzako hauguswi.

Atiir, anayeuza samaki wa kukausha kutoka Kalokol, mwamba wake ulikuwa mumewe Abul, ambaye chupa ilimjua kuliko watoto wake. Abul alikuwa ameshapasuka mara tatu, na kila mara alijiunga tena na chupa Ijumaa ikifika. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa anampiga chifu. Kuna msichana wa kwaya alikuwa anampiga kijana wa boda, na watu wenye macho walisema huyo kijana hapigwi na maombi peke yake.

Ejore alikuwa na mwamba mkubwa kuliko yote. Yeye ni afisa wa mifugo wa kaunti, mtu wa diploma, shati imepigwa pasi mpaka jua la saa saba linaiogopa. Mwamba wake ulikuwa kaka yake mkubwa, Ebenyo, wa tumbo moja, anayekaa nje ya Kakuma ng'ambo ya mto Tarach. Ebenyo ni emuron, mtu wa kuona mambo. Anarusha viatu vyake vya ngozi juu, vikianguka anavisoma kama watu wa ofisi wanavyosoma barua. Ametabiri mvua mara nyingi, na mara nyingine ilinyesha.

Hawa ndugu walikuwa hawajakula pamoja tangu kilio cha baba yao. Siku hiyo wanaume waliketi nusu duara kwa rika zao kama desturi ilivyo, mbuzi akachomwa, Ebenyo akasoma matumbo yake, nyama ikaanza kugawanywa. Ikafika kwa Ejore. Ejore akasimama, akawaeleza wazee kwa urefu kwamba yeye hali chakula cha mashetani, halafu akaketi tena, akafungua mfuko wake, akatoa pakiti ya biskuti. Wazee wa Turkana wameona njaa, wameona vita, wameona kipindupindu. Mtu anayetafuna biskuti kwa kilio cha baba yake, kru, kru, kru, hawakuwa wameona. Ejore mwenyewe aliisimulia kanisani kama ushindi, na watu wakapiga makofi.

Sasa Mchungaji Erupe akatangaza jambo. "Jumapili ijayo askofu anatutembelea kutoka Kenya," alisema, maana kwa watu wa Lodwar kila kitu kilicho kusini ya Kainuk ni Kenya. "Atakayemleta mwamba wake mbele siku hiyo, huyo ndiye kiongozi mpya wa Kikosi. Maiki ya Alhamisi ni yake."

Ejore akaisikia hiyo maiki mpaka kwa magoti. Alikuwa mtu wa kusema. Ofisini alisema kwa Kiingereza na hakuna aliyesikiliza. Nyumbani alisema kwa lugha zote tatu, na mkewe Namuria akaongeza sauti ya redio.

Jumamosi asubuhi akachukua Biblia yake, tayari kwenda kwa Ebenyo.

"Unaenda kumsalimia ama kumchukua?" Namuria akamuuliza.

"Naenda kumshuhudia."

"Kwa hivyo hutamsalimia." Namuria akamsogezea karatasi iliyofungwa. "Beba tumbaku. Mtu haendi kwa mzee mikono mitupu."

"Tumbaku ni ya shetani. Na mkono si mtupu, mwaka jana nilimtumia redio ya Neno, ile inayosoma Biblia."

"Ulimtumia na dereva. Hata chanjo ya mbuzi zake unatuma na dereva. Siku ukifa utamtumia maiti na dereva." Lakini Ejore alikuwa ameshatoka, na tumbaku ikabaki mezani.

Barabara ya Kakuma siku hizi ni lami, gari haliruki, kwa hivyo mtu anapata nafasi ya kuota. Ejore alifunga macho ndani ya Probox akafanya mazoezi. Walipofika Kakuma alikuwa ameshatoa ushuhuda, ameshalia kidogo kwa heshima, na askofu ameshamkumbatia. Kilichobaki ni Ebenyo kuokoka tu, kitu kidogo.

Nyumbani kwa kaka yake alimkuta shemeji yake Akuwam anasuka kikapu cha mkoma, miguu imenyooshwa mbele.

"Ejok, shemeji."

"Ejok-nooi. Kumbe njia bado unaijua." Hakuinuka. "Umekonda. Ama ni shati."

Juu ya ua wa miiba, redio ya Neno ilikuwa imefungwa kwa kamba, kibao chake cha sola kikitazama jua, sauti nzito ya mwanaume ikiwasomea mbuzi habari za kuhani na upele.

"Mnaiskiza?" Ejore akauliza, moyo unaruka.

"Inaskizwa na fisi. Zamani tulikuwa tunakesha na moto, sasa tunawasha huyu mtu. Anaongea usiku mzima, hachoki, hata maji haombi. Hakuna fisi amerudi." Akavuta jani la mkoma. "Kaka yako anasema huyu angekuwa emuron mzuri, tatizo haachi wengine waongee."

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Leo si Jumamosi? Ameenda kanisani."

Ejore akaketi chini bila kuambiwa keti. "Kanisani wapi?"

"Kambini kwa wakimbizi. Kanisa ya Godelieve, yule mama Mkongo anayenunua kuni kwangu. Kila Jumamosi mzee anaenda huko. Hakosi."

Basi Ejore hakungoja chai. Alisimama akamshukuru Mungu kwa sauti, mbuzi wakageuka. Alhamisi zote hizo Lodwar hazikuenda bure. Nyundo imefika mpaka Kakuma, mwamba umepasuka, na wenyewe wamenyamaza tu kama watu wanaoficha asali.

Alipanda boda mpaka kambini. Mwendeshaji, Makuei, mrefu mpaka pikipiki ilionekana kama ya mtoto, alimuuliza anaitwa nani. Akaambiwa Ejore, kutoka Lodwar.

Makuei akapunguza mwendo. "Zi. Ejore mwenyewe? Kaka ya mzee Ebenyo?"

"Ndiye."

"Maze," Makuei akasema polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kaburi. "Hii safari ni ya bure, buda. Jikaze tu."

Ejore akashuka akiwa ameongezeka kimo. Kumbe jina limevuka! Hakuuliza ajikaze kwa nini, maana mtu akisifiwa haulizi maswali. Akasimama kwa duka la mama Mrundi, Sonia, kuuliza njia. Alipotaja jina, Sonia aliacha mzani, akamtazama usoni, macho yakalegea. Akachukua pakiti ya biskuti akamtia mkononi.

"Kula, papa."

"Mimi nimefunga leo."

"Tunajua," Sonia akasema, akamfunika vidole juu ya pakiti. "Tunajua zote. Mungu yuko."

Mbele kidogo mama mwingine akamletea chai na biskuti. Mzee aliyekuwa anashona viatu alisimama, akatoa biskuti moja kutoka mfuko wa koti, imevunjika pembe, akampa kwa mikono miwili. Ejore akafikiri hivi ndivyo Wakongo wanavyoheshimu mtumishi wa Mungu, kila watu na desturi yao. Alipofika mlangoni kwa kanisa alikuwa amejaa biskuti kama mtu wa harusi. Mhudumu wa mlango, bwana mmoja aitwaye Anatole mwenye tai nyekundu, alimshika mkono asiuachilie.

"Ni weye Ejore? Ni weye kabisa?"

"Ni mimi, kwa neema."

"Tulikungojaka sana," Anatole akasema, akamwingiza ndani.

Kanisa lilikuwa la udongo, turubai juu, watu wamejaa. Ebenyo alikuwa ameketi karibu na mlango wa pembeni, juu ya kiti chake kidogo cha kuchonga, kofia ya unyoya wa mbuni kichwani, viatu vya ngozi vimewekwa vizuri mbele yake. Alikuwa anatafuna tumbaku kwa adabu. Hakumwona Ejore. Ejore akaketi nyuma, akamtazama kaka yake anavyoinamisha kichwa wakati wa wimbo, na kwa mawazo akamwona askofu wa kesho, akaiona maiki.

Halafu Godelieve akasimama. Mama mnene wa kitenge cha njano, sauti kama ngoma. "Sasa tumuombee ule mutu yetu ya kila Jumamosi," alisema, na kanisa lote likapiga magoti.

"Bwana," Godelieve akaanza, "tunakuletea tena ule ndugu. Roho yake iko nguvu sawa jiwe."

Ejore akafunga macho. Alimjua huyu mtu. Kumbe na hawa wanampiga Ebenyo, tena mbele yake, bila sheria. Haidhuru. Nyundo mbili ni bora kuliko moja. "Amina," akaitika.

"Anaonaka njia ya kanisa, lakini njia ya kwa ndugu yake haionake."

"Amina. Piga nyundo, Bwana."

"Hasalimiaka mutu. Anafikiri yeye njo anajua, wengine wote ni bure."

"Amina. Ponda," Ejore akasema, machozi yanamtoka. "Ponda mwamba huo, Baba. Usiuhurumie." Sauti yake ilipita ya kwaya. Watu walianza kugeuka kumtazama. Mama mmoja alikuwa analia wazi, na nyuma yake Ejore akamsikia Anatole akinong'ona, "Asante Yesu. Yeye mwenyewe anaitika."

"Na siku ya kilio ya baba yake," Godelieve akaendelea, "wazee walimupatia nyama. Bwana, unajua. Yeye akatoa biskuti mu mufuko."

Amina ya nne ilikwama kooni kwa Ejore kama mfupa wa samaki.

"Umuguse Ejore wa Lodwar," Godelieve akasema. "Umurudishe kwabo. Akule na watu."

Kanisa zima likasema Amina. Ejore alifungua macho akajikuta amepiga magoti katikati ya pakiti zake za biskuti, na kaka yake anamtazama kutoka mlango wa pembeni. Wakati wa kuinuka Ebenyo aliokota viatu vyake kwanza, ndipo akatoka.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Godelieve alikuwa wa kwanza kusema. "Utusamehe, papa. Hatukujua utakuja leo."

"Mama," Ejore akasema, na alijaribu kuitafuta sauti yake ya ofisini, "mimi nimeokoka. Mimi ndiye ninaombea watu. Huyu hapa ndiye wa kuombewa. Huyu anarusha viatu."

"Njo vile alituambia. Alikuja akasema, mko watu ya kuomba, niombeeni ndugu yangu, tangu aokoke amepotea." Godelieve akapangusa jasho kwa pembe ya kitenge. "Tukajua hii ni kazi ya nguvu. Mulevi ni mwepesi. Mulevi anajua yeye ni mulevi."

Ejore akamgeukia kaka yake. Ebenyo alikuwa ameshaketi.

"Umeitika," Ebenyo akasema kwa Kiturkana. "Nimesikia. Umeitika kuliko hawa wote."

"Sikujua ni mimi."

"Mate yakitoka mdomoni hayarudi." Maana kwao mzee akibariki anatema mate, na hakuna aliyewahi kuona mtu anayarudisha. "Umesema upondwe. Umesema usihurumiwe. Hata mimi nilifikiri unazidisha."

Ejore akatazama chini. Mtu wa Lodwar akitazama chini mchana, ni joto ama ni aibu, na siku hiyo kulikuwa na upepo. Mwisho akasema alichokuja kusema, kwa sababu maiki bado ilikuwa inamwita. "Kesho kuna askofu kwetu. Nataka uje. Usimame mbele nami."

"Nitakuja."

"Utakuja?"

"Viatu vilisema tangu juzi kuna safari."

"Ebenyo, hivyo viatu..."

"Hivi viatu," Ebenyo akasema, akakiinua kimoja, "baba yetu alimpa emuron avirushe, ajue ni mtoto gani aende shule na gani abaki na mbuzi. Vikakutazama wewe. Siku hiyo hukusema ni vya shetani. Ulikimbia mpaka shuleni, hata hukungoja suruali." Akakirudisha chini. "Mimi nilitaka vianguke vingine. Lakini viatu ni viatu. Nitakuja. Kwanza utakula."

Wakarudi ng'ambo ya Tarach. Mbuzi mweupe akachinjwa kabla jua halijashuka, matumbo yakasomwa, na Ejore akatazama mlima kwa bidii yote wakati yanasomwa. Wanaume wa jirani wakaketi nusu duara. Kati ya Ebenyo na mzee wa rika lake kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyemwonyesha. Hakuna aliyeikalia pia, ingawa mzee aliyekuwa pembeni alikuwa na miguu mirefu na shida ya pa kuiweka.

Ejore akaketi hapo. Nyama ikafika mbele yake ikitoa mvuke. Akainamisha kichwa akaomba. Aliomba juu ya kila kiungo cha yule mbuzi. Akamkumbusha Mungu barua ya Paulo kwa Wakorintho, ile ya vyakula, ambayo siku ya kilio alikuwa ameisoma nusu tu.

"Inapoa," mzee mwenye miguu mirefu akasema.

"Mwacheni," Ebenyo akasema. "Anatafuta biskuti."

Wazee walicheka mpaka kofia zikatikisika, na Ejore, bila kujua inatoka wapi, akacheka pia, na kinywa kilipofunguka akatia nyama. Hakusikia shetani. Alisikia chumvi kidogo na moshi, na mbuzi aliyekula majani ya kwao. Akala mpaka mafuta yakaingia kwa mikono ya shati, ile ya pasi.

Jumapili askofu alikuwa mtu mpole wa suti nzito, anajipepea na ratiba. Lodwar ilikuwa inampika taratibu. Atiir alikuwa amefika mapema na Abul wake, ambaye amepasuka mara ya nne na ananukia sabuni. Kisha Ejore akaingia na mtu wa unyoya wa mbuni, fimbo mkononi, kiti kidogo chini ya kwapa, na kanisa likavuta pumzi. Mchungaji Erupe alitabasamu mpaka nyuma ya meno. Abul ni Abul, lakini emuron mzima mbele ya askofu!

Wakaitwa. Ebenyo akapewa maiki, akaipima uzito, akaipenda. Askofu hakujua Kiturkana, kwa hivyo Ejore akatakiwa atafsiri. Ebenyo akasema kwa utulivu, maneno mengi, kuhusu kilio cha baba, biskuti, mama Mkongo, Amina, na mbuzi mweupe.

Kanisa lote lilimwelewa. Askofu peke yake alikuwa anangoja, jasho linamtiririka. Ejore akaona maiki ya Alhamisi iko karibu hivi, umbali wa uongo mmoja mdogo.

"Kaka yangu anasema anamshukuru Mungu," akatafsiri.

Kicheko kikaanzia kwa wamama wa samaki, kikapanda mpaka kwa mabati. Namuria, safu ya tatu, hakucheka. Alikuwa anamtazama tu. Ebenyo akageuka. "Mimi nimesema maneno mengi kuliko hayo."

Ejore akatazama shati yake. Doa la mafuta lilikuwa bado liko mkononi, hakuwa amebadilisha. Akaanza upya, pole pole, na safari hii akatafsiri yote, hata ile kru, kru, kru. Alipofika kwa Amina tatu, askofu alikuwa ameacha kujipepea.

"Sijaelewa kitu kimoja," askofu akasema. "Kati yenu wawili, mwamba uliopasuka ni upi?"

Ejore akainua mkono, chini chini, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda nje.

Uongozi wa Kikosi ukaenda kwa Atiir. Abul alisimama mbele akapungia watu, akarudi kuketi na kulala. Mchungaji Erupe akatangaza wimbo mapema kuliko ratiba.

Baadaye, watu wakila pilau nyuma ya kanisa, Namuria alimletea Ebenyo ile karatasi ya tumbaku, na kaka akaipokea akatema mate kidogo juu ya viganja vya Namuria, baraka. Ejore alikuwa ameketi chini karibu naye, sahani magotini.

"Kwa hivyo mimi," Ebenyo akauliza, "nimeokoka ama bado?"

"Bado."

"Basi wewe endelea kuomba." Akachukua kipande cha nyama kutoka sahani ya mdogo wake, akakitafuna. "Mimi nitamwambia Godelieve naye asiache. Umekula kwetu mara moja tu."